Tuandike mfumo wa ethi kwenye kila ubao wa mita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu wa Unguja aliyetoa ushauri hapa karibuni juu ya watu kurushwa na umeme majumbani. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kila mwenye nyumba atafute nondo au fimbo ya shaba, aipige nyuma ya nyumba, aiunge na waya wa kijani, na mambo yamekwisha. Nia yake ni njema na namshukuru kwa kulisema jambo ambalo wengi tunalinyamazia mpaka afe mtu. Lakini mimi ni fundi umeme hapa Wete, kazi hii ndiyo niliyokulia na ndiyo inayonilishia watoto, na siwezi kuuacha ushauri ule upite hivi hivi. Fimbo peke yake humwacha mtu katika hatari ile ile, na juu ya hayo humfanya aamini kuwa amesalimika.

Cha kuuliza kwanza ni hiki: nyumba hii iko kwenye mfumo gani wa ethi, yaani umeme unaovuja kwenye mabati ya vyombo unapewa njia gani ya kurudi? Mafundi wengi hatuulizi, wateja ndio kabisa. Tunafunga waya wa kijani na manjano kwenye skrubu yake, tunafunika soketi, tunapokea ujira wetu.

Tume ya kimataifa ya umeme, IEC, imeigawa mifumo ya ethi kwa herufi katika kiwango chake nambari 60364, na mgawo huo si mgumu kuufahamu. Herufi ya kwanza inahusu upande wa transfoma. T maana yake nyutro ya transfoma, yaani upande wa kurudishia umeme, imefungwa moja kwa moja na ardhi. I maana yake haikufungwa, au imefungwa kwa kupitia kizuizi kikubwa. Herufi ya pili inahusu upande wa mteja, yaani mabati ya friji, ganda la pampu, hita na pasi. T maana yake mabati hayo yameungwa na fimbo ya mteja mwenyewe iliyoko ardhini kwake. N maana yake yamerudishwa kwa waya mpaka kwenye nyutro ya transfoma. Ikishakuwa N inakuja herufi ya tatu: S ikiwa waya wa ethi na waya wa nyutro vinakwenda mbalimbali njia nzima, C ikiwa waya mmoja unafanya kazi zote mbili. Ndipo tunapata TT, TN-S, TN-C, na ile iliyochanganyika, TN-C-S, ambayo waya ni mmoja mpaka kwa mteja kisha ukagawika. Ya mwisho ni IT.

Sasa niseme ninayoyaona. Nyumba nyingi ninazofungua ubao wake huku kaskazini ya Pemba, kutoka Konde mpaka Micheweni, zinaingiwa na nyaya mbili tu kutoka nguzoni, wa moto na wa nyutro. Ethi, ikiwa ipo, ni fimbo iliyopigwa chini ya dirisha. Hiyo ni TT. Na ndani ya ubao nakuta breka tupu, za ampia 10, 20 na 32, zimepangwa vizuri kwa mstari, na mwenye nyumba akiniambia kwa furaha kwamba hapa kila kitu kina breka yake.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme fimbo yako imepimwa ikatoka omu 40 (omu ni kipimo cha jinsi njia inavyouzuia umeme; zikiwa chache, umeme unapita kwa wepesi), na ethi ya kwenye transfoma ni omu 5. Waya wa moto ndani ya friji umechunika ukagusa bati. Umeme utoke kwenye bati, upite fimbo yako, upite ardhini, urudi kwenye transfoma. Volti 230 gawanya kwa omu 45, unapata ampia 5 na kitu kidogo. Breka ya ampia 20 inaona ampia 5, na kwake hiyo ni sawa na mtu aliyechomeka pasi. Haikati. Haikati saa moja, haikati usiku kucha. Na muda wote huo bati la friji limekaa na volti zaidi ya 200, likimngoja mtoto anayekuja kuchukua maji ya baridi miguu mitupu.

Msomaji mwenzetu atasema, basi tuipige fimbo vizuri zaidi. Haya, tuipige mpaka ishuke omu 10, na huku kwetu hiyo ni kazi ya kutoka jasho. 230 kwa 15 ni ampia 15. Breka ya 20 bado haikati.

Kinachomwokoa mtu kwenye TT ni RCD, swichi ile yenye kitufe kilichoandikwa T usoni mwake. Yenyewe haingoji umeme uwe mwingi. Inalinganisha unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na ikiona tofauti ya miliampia 30, maana yake kuna umeme unavujia kwingine, inakata. Kiwango cha IEC kinataka saketi za kawaida za volti 230 kwenye TT zikate ndani ya sekunde 0.2, na RCD nzima inaliweza hilo. Kanuni ya fimbo nayo inakuwa nyepesi: omu za fimbo ukizizidisha kwa ampia za RCD isizidi volti 50. Kwa miliampia 30 hesabu inakubali hata omu 1,666, ingawa kanuni za Uingereza, BS 7671, zinatahadharisha kwamba fimbo ikizidi omu 200 huenda isitulie. Kwa hiyo fimbo dhaifu yenye RCD inamlinda mtu, na fimbo nzuri isiyo na RCD haimlindi. Hili ndilo ambalo ushauri wa nondo ulilisahau.

Kwenye TN mambo ni mengine. Hapo ethi inarudi transfoma kwa waya wa chuma au shaba, haipiti ardhini, na njia nzima inaweza isifike omu 1. Ikiwa ni omu 0.8, hitilafu ile ile ya friji inavuta ampia 287. Breka ya ampia 32 ya aina B ikifika ampia 160 inakata papo hapo, kwa hiyo inakata. Hoteli na majengo makubwa yenye transfoma yao ndio wanaofunga TN-S, nyaya tano kutoka kwenye transfoma mpaka kwenye ubao: mitatu ya moto, nyutro, na ethi yake mbali. Fundi aliyejifunzia kazi hotelini Nungwi akija kufunga nyumba ya kijijini kwa mazoea yale yale, anaweka breka na kuondoka. Breka ni ile ile, fundi ni yule yule, kilichobadilika ni mfumo, na hakuna mahali palipoandikwa.

Nitoe mfano mmoja nilioukuta Tumbe, kwa mama mmoja anayeuza barafu na kuhifadhia watu samaki. Sakafu ya saruji, imelowa wakati wote, na friza kubwa ukutani. Nilipomwamkia akaitika, akaniambia, "Fundi mwanangu, friza yanifinya. Nikivaa ndara hainifinyi, nikivua yanifinya." Alikuwa amekwisha jizoesha kufungua mfuniko kwa kitambaa kikavu. Niliweka testa kwenye bawaba ya mfuniko ikawaka taa kama niliyoichomeka kwenye soketi.

Nilidhani kompresa imeunguza waya. Nilipoifungua haikuwa na kasoro hata moja. Kasoro ilikuwa nyuma ya soketi. Waya wa ethi uliotoka darini ulikuwa umekatwa huko juu, haukufika popote. Aliyefunga soketi alipoona ethi haina kitu, alichukua kipande cha waya wa milimita za mraba 1.5, kifupi kuliko kidole, akakiunga kutoka skrubu ya nyutro mpaka skrubu ya ethi. Kwa kipimo cha taa ya soketi, ethi "ikasoma". Ikaendelea kusoma mpaka kiungo cha nyutro pale waya unapoingilia juu ya mlango kilipoota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, kikalegea. Tangu hapo umeme ulioingia kwenye friza haukuwa na njia nzuri ya kurudia, na bati zima la friza likawa limeungwa, kwa kile kipande kifupi, na upande wa moto. Friza nzima, isiyo na hitilafu, ikawa inamrusha mwenyewe.

Nilikitoa kile kipande, nikasafisha na kukaza kiungo cha juu, nikarudisha waya wa ethi mpaka kwenye fimbo, na kwenye ubao nikaweka RCD ya miliampia 30. Nilimwonyesha kitufe cha T na jinsi ya kukibonyeza kila mwezi. Alikibonyeza mwenyewe, umeme ukakatika, akaurudisha.

Kijana aliyekiweka kile kipande simlaumu peke yake. Vijana wetu siku hizi wanajifunza kwa video za simu, na nyingi ya zile nzuri zinatoka Uingereza. Kule nyumba nyingi ziko TN-C-S, na kijana anaona kabisa fundi wa Kizungu akieleza kwamba ethi na nyutro vimeungwa. Ni kweli vimeungwa. Lakini vimeungwa na shirika la umeme lenyewe, kwenye kisanduku chake cha kuingizia umeme, kwa waya mnene, na ule waya mmoja umefungwa na ardhi mahali pengi njiani ili ukikatika mahali pamoja pengine pashike. Kiwango cha IEC hakiruhusu waya wa kazi mbili uwe mwembamba kuliko milimita za mraba 10 ukiwa wa shaba, au 16 ukiwa wa alumini, na kinasema ukishagawika kuwa nyutro na ethi, hairuhusiwi kuviunga tena mbele yake. Kile kipande cha Tumbe kilikuwa cha 1.5, tena nyuma ya soketi. Na hata hao Waingereza, kwa kuujua ubaya wa nyutro kukatika, hawaruhusu ethi ya namna hiyo ipelekwe kwenye boti zilizofunga gatini. Wafaransa majumbani kwao wanatumia TT kama sisi. Kijana angetazama video ya Kifaransa angeona fimbo na RCD na asingeona kiungo chochote.

Kuna na ubaya wa pili wa kile kipande. Nyumba ikiwa na RCD, na mtu akaunga nyutro na ethi mbele yake, RCD inakata ovyo kila mara, kwa sababu sehemu ya umeme inarudi kwa njia ya ethi. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anasema hii swichi inasumbua, anaing'oa, anaweka swichi ya kawaida. Nimeshaziona nyumba za namna hii, na RCD imehifadhiwa kwenye droo ya kabati, nzima kabisa.

Nirudi kwenye ardhi, kwa sababu kisiwa chetu hakina ardhi moja. Mtambile na Mkoani, kwenye udongo mwekundu wa mikarafuu, fimbo ya mita 1.2 inaingia kwa nyundo na inapima vizuri, hasa masika. Micheweni na Kiuyu ni mawe. Fimbo inagonga jiwe, inapinda, na fundi mvivu anakata kilichobaki juu kwa msumeno ili mteja asione. Juu ya mawe nusu mita ya fimbo ni pambo. Pale dawa ni kuchimba mtaro na kulaza waya wa shaba ulio wazi kwa urefu, au kutafuta mahali palipo na udongo hata kama ni mbali na nyumba, kisha kupima. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho cha kupimia. Fimbo iliyopimwa mwezi wa Aprili mvua ikinyesha inatoa majibu ya kupendeza, na majibu hayo hayatakuwepo pale kaskazi itakapoikausha ardhi.

Wapo wanaomwaga chumvi na makaa kwenye shimo. Omu zinashuka kweli, kwa muda. Masika moja mbili chumvi imekwenda na maji, na imeacha chuma kimeliwa. Nondo nayo, huku kwetu karibu na bahari, inakwisha chini kwa chini. Juu unaiona nzima, ukiivuta inakuja mkononi na ncha kama sindano. Na nyumba za zamani za Wete na Chake ambazo ethi zao zilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, wenyewe wanajua kwamba mabomba mengi yamebadilishwa yakawa ya plastiki? Siku bomba lilipobadilishwa nje barabarani, ethi ya ndani ilikatika bila mtu kugusa waya wowote. Mafundi bomba hawana kosa, hakuna aliyewaambia.

Juu ya IT nitasema kidogo tu. Ndiyo inayofungwa kwenye vyumba vya upasuaji, ambako hitilafu ya kwanza haitakiwi izime mashine na badala yake inapiga kengele, na ndiyo ya meli nyingi. Wanorwei, waliosaidia kuleta umeme Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kwao majumbani wamekaa na IT miaka mingi, na mafundi wao wamefunzwa hivyo. Sisi tunaiingia bila kujua, kwa jenereta. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, vijenereta vidogo viliingia kila mtaa, na sasa ni vigeuzi vya umeme wa jua. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haikufungwa na kitu. Ukiiunganisha na nyumba ya TT, nyumba nzima imegeuka kuwa IT bila ya kengele, na ile RCD uliyoinunua kwa fedha zako, hitilafu ya kwanza haitaiona, kwa sababu umeme uliovuja hauna njia ya kurudi kwenye jenereta. Fundi anayefunga swichi ya kubadilishia lazima ajue hili na ashughulikie nyutro ya jenereta pale pale kwenye jenereta, mahali pamoja tu.

Ombi langu sasa. Kila ubao wa mita Unguja na Pemba uwe na lebo yenye mambo matatu: mfumo, kwa herufi zake, omu za fimbo, pamoja na mwezi iliopimwa, na RCD ni ya miliampia ngapi. Shirika la Umeme, ZECO, linapokwenda kuunga mteja mpya lina fomu yake na lina watu wake pale nyumbani; lebo iwe sharti la kuunga, na herufi za mfumo ziandikwe na shirika lenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua nyutro yao wameifunga vipi. ZURA, iliyopewa kazi ya kusimamia huduma hizi, ilitie jambo hili kwenye masharti. Vituo vya mafunzo ya amali, Vitongoji kikiwemo, wasimpe kijana cheti kabla hajapima fimbo mwenyewe kwa kipimo cha ardhi, vile vijiti viwili vikipigwa mbali na nyumba na waya ukitandazwa. Mafundi wengi tunafanya kazi miaka bila kukishika kifaa hicho.

Kwa nyumba za zamani haliwezekani kwa siku moja, nalifahamu hilo. Ningeshauri tuanze na misikiti. Pampu za visima vya misikitini zinawashwa kabla ya kila sala, swichi mara nyingi iko karibu na birika, na watu wanatawadha miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, wazee na watoto wa chuoni pamoja. Kamati ya msikiti mmoja mtaani kwetu ilikubali nilipowaeleza. Ethi ya pampu ilikuwa waya uliozamishwa kisimani, umeoza. Tulipiga fimbo mbili upande wa shamba, tukaziunga, tukaweka RCD, na kwenye mlango wa kibanda cha pampu tumeandika kwa rangi: "TT. Omu 38, Februari. RCD miliampia 30. Bonyeza T kila mwezi." Muadhini ndiye anayebonyeza, baada ya sala ya Ijumaa ya mwanzo. Kamati nyingine zikitaka kupimiwa hapa Wete na vijijini mwake, kipimo ninacho na sitotoza fedha kwa kupima.

Fundi umeme,
Limbani, Wete,
Pemba